Paka wa Gredi: Je, Kikundi Kinunue?



Tukitembelea vikundi tumezoea kuulizwa habari za ng'ombe, mbuzi wa maziwa, kuku na nyuki. Safari hii tuliulizwa habari za paka, na watu wengine mkutanoni wakacheka. Lakini mama aliyeuliza hakucheka hata kidogo. Yeye ni mweka hazina wa kikundi kimoja cha upande wa chini wa Embu. Kuna mtu alikuwa amewatembelea akiwa na picha ndani ya simu: paka mkubwa kama mbwa mdogo, manyoya marefu, mkia kama fagio. Aliwaambia huyo ni paka wa gredi, jina lake Maine Coon, na kwamba matajiri wa Nairobi wanamtafuta usiku na mchana. Kikundi kikinunua jozi moja, dume na jike, kwa mwaka mmoja pesa yote itakuwa imerudi. Tena, akaongeza, paka wa ukubwa huo atamaliza panya wa kijiji kizima.

Pesa iliyokuwa inazungumziwa ni akiba ya miaka miwili. Walikuwa wameiweka kando kwa ajili ya mabati na mbao za ghala, maana panya walikuwa wanawamalizia mahindi na kunde. Tuliwaomba wangoje mkutano mmoja kabla ya kutoa hata shilingi. Haya ndiyo tuliyowaambia tuliporudi, na tunayaandika hapa kwa sababu tunaona mtu kama huyo hakosi kufika na kwenu.

Huyu paka ni nani?

Kwanza, paka huyo yupo kweli, si hadithi. Maine ni jimbo la Marekani, upande wa kaskazini mashariki, mahali pa theluji na baridi kali. Dume wake akikomaa hufika kilo 6 hadi 8, na jike kilo 4 au 5 hivi. Paka wetu wa nyumbani wengi wana kilo 3 au 4. Basi ni mkubwa, ingawa ile picha ya simu ilikuwa imepigwa kwa ujanja ili aonekane kama chui.

Lakini sikieni jambo ambalo yule mgeni hakulitaja. Huyu paka hakuanza kwa matajiri. Alikuwa paka wa wakulima. Kazi yake ilikuwa kukamata panya kwenye maghala ya nafaka na ya nyasi za mifugo, kama paka wako na wangu. Baridi ya kule ilimchagua mwenye mwili mkubwa na manyoya mazito, asiyeweza kustahimili akafa. Mwaka 1895 kulikuwa na maonyesho makubwa ya paka mjini New York, na aliyeshinda ni paka wa aina hii, jike aliyeitwa Cosey. Mwaka 1985 jimbo la Maine lilimtangaza rasmi kuwa paka wa jimbo. Ndivyo alivyotoka ghalani akaingia sebuleni.

Sasa neno "ukoo". Wale waliokuwa karibu na mradi wa mbuzi wa maziwa ulioanza Meru mwaka 1996 hawana shida kulielewa. Mbuzi wa Toggenburg waliletwa wakavukishwa na mbuzi wetu wa kienyeji, na kila mbuzi alitakiwa ajulikane baba na mama. Wenye ng'ombe nao wanaijua Kenya Stud Book ya Nakuru, ambapo ng'ombe huandikwa na kupanda daraja kizazi baada ya kizazi. Paka wa ukoo ni hivyo hivyo. Kuna vyama vinavyoweka vitabu vya paka, kama FIFe iliyoanzia Ulaya mwaka 1949 na TICA iliyoanzishwa Marekani mwaka 1979. Paka asiye na karatasi ya chama kama hivyo ni paka mwenye manyoya marefu, basi. Unaweza kumpenda sana, lakini huwezi kumuuza kwa bei ya ukoo.

Na hapa ndipo shida inapoanza. Wafugaji wenye sifa huuza watoto wengi wa paka wakiwa tayari wamehasiwa, au kwa mkataba kwamba mnunuzi hatawazalisha. Hawawaachii kabla ya wiki 12 hivi. Kwa hiyo mtu akija na jozi ya kuzalisha, bila karatasi, kwa haraka, tena anataka pesa kwanza, ni lazima mjiulize amewatoa wapi. Muulizeni kama dume na jike ni wa mama mmoja. Yule mgeni wa Embu alipoulizwa alisema ndiyo, tena kwa furaha, ati wamezoeana! Kwani nani kati yetu angenunua beberu na jike wa tumbo moja kisha aseme anaanzisha kundi?

Kwa paka hawa jambo hilo ni zito zaidi. Kuna ugonjwa wa moyo unaorithiwa, ambao ukuta wa moyo unakuwa mnene na paka anaweza kuanguka akafa ghafla akiwa bado kijana. Mwaka 2005 watafiti walipata kasoro ya urithi inayousababisha kwa Maine Coon, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya paka hao wanaibeba. Mfugaji mwangalifu hupima damu ya wazazi maabara na hupiga picha ya moyo kabla ya kuwazalisha. Je, kikundi kitafanyia wapi hayo, na kwa pesa gani?

Hesabu ya nyama

Tulikaa na mweka hazina tukapiga hesabu ubaoni. Paka wa kilo 7 anahitaji karibu robo kilo ya nyama au samaki kila siku. Kwa mwezi ni kilo saba na nusu. Wawili ni kilo kumi na tano. Chukueni bei ya bucha ya soko lenu, mzidishe wenyewe. Mama mmoja alisema kwake nyama inaonekana Krismasi na Pasaka, na mkutano mzima ukanyamaza.

Halafu paka huyu hachelewi tu kula, anachelewa kukua pia. Humaliza kukua akiwa na miaka mitatu hadi mitano. Manyoya yake yanataka kuchanwa mara mbili au tatu kwa wiki, la sivyo yanajifunga vinundu na ngozi chini yake inaoza. Sasa fikirieni zile mbegu nyeusi za shambani zinazoshika nguo. Paka wa manyoya marefu akipita humo mara moja, mna kazi ya jioni nzima. Na joto la Ishiara au la Tharaka si la mnyama aliyevalishwa koti la theluji. Huku juu Maua angalau angeota jua.

Soko nalo je? Wengi wenu mnakumbuka mambo ya kware. Mwaka 2013 kila mtu alikuwa anatafuta kware, ati yai lake ni dawa ya kila kitu. Watu walichukua mikopo wakajenga vibanda. Kufika 2014 bei ilikuwa imeanguka, wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, na waliopata faida ni wale waliowauzia wenzao vifaranga mapema. Paka wa gredi wana wanunuzi, hatukatai, lakini ni watu wachache wa mijini, wanaonunua kwa mfugaji anayejulikana, mwenye daktari na karatasi. Kikundi kisicho na hayo kitabaki na paka wanane ndani ya nyumba ya mwenyekiti.

Hatusemi yule mtu ni mwizi. Inawezekana naye alidanganywa na mwingine. Lakini pesa ikishatoka, hiyo tofauti haisaidii mtu.

Jambo lingine la kuangalia sana. Huko Marekani kuna paka wengine wakubwa wanaoitwa Savannah, waliotokana na kuvukisha paka wa nyumbani na mondo. Mtoto wa kwanza wa namna hiyo alizaliwa mwaka 1986. Sasa mtu akisikia hivyo, na sisi tunaishi karibu na Mbuga ya Meru na Hifadhi ya Mwea, anaweza kuona mtoto wa mondo kichakani akafikiri ameokota mali. Usimguse. Mondo, simbamangu na paka pori ni wanyama wa porini, na chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 kuwafuga au kuwauza bila kibali ni kosa. Mara nyingi mama yake hayuko mbali, ameenda kuwinda tu.

Na kwa wale wanaosema kwamba kitu kizuri ni lazima kitoke ng'ambo, tuwape habari moja ya kwetu. Mwaka 1978 mama mmoja wa Watamu, Jeni Slater, aliona paka wa ajabu kwenye shamba lake karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, wana madoa ya mviringo kama maganda ya mti. Baadaye baadhi yao walipelekwa Denmark, na mwaka 1993 FIFe ikawakubali kama aina kamili kwa jina la Sokoke. Leo kuna watu wa Ulaya wanaolipa pesa nyingi kwa paka ambaye watu wa Kilifi walikuwa wanamwona kila siku akipita. Sokoke si mkubwa. Ni mwembamba, miguu mirefu, na anapenda joto.

Je, paka mkubwa anamaliza panya?

Hili ndilo swali la kweli la kikundi, maana shida yao haikuwa paka, ilikuwa mahindi.

Jibu ni kwamba ukubwa wa paka haujalishi sana. Paka hupenda kukamata panya wadogo na watoto wa panya. Buku mzima mwenye meno, paka wengi humwachia njia. Watafiti waliweka kamera kwenye kiwanda cha taka cha Brooklyn, New York, palipojaa panya na paka wa mitaani, na katika miezi mitano waliona panya wawili tu wakiuawa. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2018. Lakini kuna kitu kingine waliona: paka wakiwepo, panya hujificha na hutembea kidogo.

Kuna uchunguzi wa zamani zaidi, wa mashamba ya Uingereza, uliotolewa mwaka 1953 na Charles Elton. Yeye aligundua kwamba shamba lililojaa panya, ukileta paka, panya hawaishi. Lakini ukiwaondoa panya kwanza kwa njia nyingine, kisha ukaweka paka, paka anaweza kulilinda wasirudi. Tena aliona kwamba paka waliopewa maziwa kila siku walikaa karibu na nyumba wakafanya kazi, na wasiopewa walitangatanga. Kwa hiyo ile desturi ya kumnyima paka chakula ili awinde vizuri, tuiache. Paka mwenye njaa anahamia kwa jirani, au anaanza na vifaranga vyako.

Basi ghala lianze. Liinuliwe juu ya nguzo za mita moja hivi, kila nguzo ivalishwe koni ya bati ikiangalia chini, na matawi ya miti na kuta ziwe mbali kiasi kwamba panya hawezi kuruka. Ngazi iondolewe jioni. Tumeona ghala zuri sana upande wa Siakago, nguzo zote na koni zake, na ngazi imeegemezwa mlangoni mchana na usiku! Fyekeni majani kuzunguka. Mahindi yaanikwe yakauke kabisa, maana punje iliyotafunwa na panya ikipata unyevu huota kuvu kwa urahisi, na sumu ya kuvu tunaijua. Mwaka 2004 huku Mashariki watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui.

Panya waliokwisha ingia waondoeni kwa mitego. Dawa ya panya ni hatari kwa paka mara mbili: anaweza kuila yenyewe, na anaweza kumla panya aliyeila. Kama ni lazima mtumie dawa, paka afungiwe mahali pengine, na mizoga ichimbiwe kila asubuhi mpaka iishe. Tunajua wengi waliopoteza paka mzuri hivyo, kisha wakamlaumu jirani.

Kumtunza paka uliye naye

Paka si mbwa. Mbwa anaweza kuishi kwa ugali na mabaki. Paka ameumbwa kwa nyama, na asipoipata kwa muda mrefu hukosa kirutubisho kinachoitwa taurini, macho yake yakaharibika na moyo ukadhoofika. Panya anazokamata zinamsaidia, lakini ghala likiwa safi hana mawindo ya kutosha. Omena iliyochemshwa ikachanganywa na ugali kidogo ni chakula kizuri na rahisi. Matumbo ya kuku na moyo wa mbuzi wakati wa kuchinja, yapikwe kwanza. Maziwa kidogo si mbaya, lakini paka wengi wakubwa yakizidi huharisha. Maji yawepo kila wakati.

Sasa tuseme juu ya dawa, maana huku kuna vifo vingi visivyo na sababu. Dawa ya kupe ya ng'ombe isimguse paka. Wala poda ya viroboto ya mbwa, mpaka imeandikwa wazi kwamba ni ya paka pia. Ini la paka haliwezi kuondoa baadhi ya kemikali hizo, na anaanza kutetemeka, anadondosha mate, anakufa. Siku ya kunyunyizia ng'ombe, paka afungiwe mpaka ng'ombe wakauke. Na dawa ya maumivu tunayomeza sisi, paracetamol, ni sumu kwake kabisa. Nusu kidonge tu kinaweza kumuua. Mtoto akitaka kumsaidia paka mgonjwa kwa kidonge cha nyanya, mzuie.

Jike hubeba mimba siku 63 hadi 65, na anaweza kuanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka. Huzaa watoto wanne hivi, hata mara mbili au tatu kwa mwaka. Kwa hiyo boma moja linaweza kujaa paka wembamba, wagonjwa, wanaogombania sufuria. Paka wawili waliolishwa wanashinda kumi wenye njaa. Dume ahasiwe na jike afungwe kizazi wakiwa na miezi mitano au sita, kazi ya daktari wa mifugo, si ya wembe. Dume aliyehasiwa anaendelea kukamata panya kama kawaida, ila anaacha kuzurura na kupigana. Mtoto wa paka asitolewe kwa mama kabla ya wiki nane, maana mama ndiye anayemfundisha kuwinda. Ukitaka paka wa ghala, chagua mtoto wa mama unayemjua kwa kazi. Huo ndio ukoo unaotufaa.

Wenye mbuzi wa maziwa, hili lenu. Kinyesi cha paka, hasa paka kijana, kinaweza kubeba kijidudu kinachowafanya mbuzi na kondoo kutupa mimba. Paka akilala na kuchimba kwenye nyasi zenu za akiba au kwenye pipa la chakula, mbuzi wanakila. Funikeni chakula cha mifugo. Kijidudu hicho kinachukua siku moja hadi tano ndipo kiweze kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku na kufukiwa, hatari inapungua sana. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo, na akilima bustani anawe mikono vizuri, kwa sababu kinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Tumeacha kichaa cha mbwa mpaka mwisho, na pengine kingetangulia. Paka naye hukipata, na huambukiza. Paka mpole aliyebadilika ghafla akawa mkali, au paka asiyejulikana anayeshambulia watu, msimshike. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Paka huchanjwa kuanzia miezi mitatu, halafu kila mwaka.

Kile kikundi cha Embu kilipiga kura. Kumi na tisa walisema mabati, watatu walisema paka, na wale watatu wakapewa kazi ya kukata koni. Mweka hazina aliuliza kama wanaweza kumwita daktari wa mifugo aje kuchanja paka na mbwa wa wanachama wote siku moja. Wanaweza, na ni nafuu, kwa sababu chupa nyingi za chanjo hiyo ni za dozi kumi, na ikishafunguliwa haiwekwi. Andikeni majina ya wenye wanyama mapema, wafike kumi, ishirini au thelathini. Mbwa waje asubuhi na paka mchana, kila paka ndani ya kikapu chenye kifuniko kilichofungwa kamba, kisiwe mfuko wa plastiki, na mwenyewe ndiye amshike wakati wa sindano.